Jina Lililofichwa, Ukuta Ulio Wazi: Banksy na Mgogoro wa Umiliki wa Grafiti Nchini Uingereza, 1999–2025

Utangulizi

Tarehe 8 Septemba 2025, wapita njia katikati ya jiji la London walikuta mchoro mpya kwenye ukuta wa nje wa Royal Courts of Justice, majengo ambamo Mahakama Kuu ya Uingereza huketi. Mchoro huo ulimwonyesha jaji mwenye joho na wigi akimpiga kwa nyundo mwandamanaji aliyeanguka chini, naye ameshika bango lililotapakaa alama za damu. Msanii ajulikanaye kwa lakabu ya Banksy alithibitisha kuwa kazi hiyo ni yake. Mchoro ulifunikwa haraka, na siku ya tatu wafanyakazi walianza kuusugua kwa hoja kwamba jengo hilo limehifadhiwa kisheria kama urithi wa taifa. Polisi nao walitangaza kuchunguza kosa la uharibifu wa mali. Hata hivyo, rangi haikutoka yote. Juu ya jiwe kilibaki kivuli cha jaji yuleyule na nyundo yake.

Tukio hili linaibua swali la kihistoria linalozidi habari ya siku moja. Mtuhumiwa alikwisha kukiri, na jina lake lilikuwa katika kila gazeti. Lakini jina hilo halikuwa la mtu yeyote awezaye kusimamishwa kizimbani. Kwa zaidi ya miaka 25, jamii ya Kiingereza imekuwa na mtunzi ambaye kazi zake zinafahamika kuliko za wachoraji wengi walio hai, ilhali mtunzi mwenyewe hafahamiki rasmi.

Makala haya yanadai kuwa kutojulikana huko ni mpango wa kisheria wenye faida na gharama, na kwamba kukuona kama pambo la sifa au mbinu ya kibiashara tu ni kukupunguzia uzito. Jina lililofichwa lilimkinga msanii dhidi ya sheria ya jinai. Jina hilohilo lililegeza madai yake mbele ya sheria ya mali. Kati ya sheria hizi mbili, aliyepoteza zaidi ni msomaji wa kawaida wa ukuta, yaani mkazi wa mtaa ambao kazi iliandikwa kwa ajili yake.

Chanzo kikuu cha mtafiti wa grafiti, yaani ukuta wenyewe, mara nyingi hakipo tena. Historia yake hujengwa kwa picha zilizopigwa kabla ya kufutwa, taarifa za mamlaka za miji, kumbukumbu za minada na hukumu za mahakama. Vyanzo hivi huandikwa zaidi na wale waliotaka kuifuta grafiti, kuiuza au kuimiliki, na ni lazima visomwe kwa tahadhari hiyo.

Lakabu na Kutojulikana

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili ana faida moja anapolikabili suala hili, kwa kuwa amezoea kutenganisha hali mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Hali ya kwanza ni ya utungo usio na mtunzi. Methali, vitendawili na misemo ya kanga haina mwenyewe. Jamii nzima huitumia na hakuna anayedai chake. Hali ya pili ni ya utungo wenye lakabu. Malenga anayejiita kwa jina la kubuni hajakana utunzi wake. Amejitengenezea nafsi ya kishairi ambayo wasomaji huitambua kwa mtindo, na wapinzani wake huijibu kwa jina hilohilo.

Grafiti ya kisasa ilizaliwa katika hali hii ya pili. Mnamo tarehe 21 Julai 1971, gazeti la New York Times lilichapisha habari ya kijana aliyekuwa akiandika TAKI 183 kila alikopita jijini New York. TAKI kilikuwa kifupisho cha jina lake, na 183 ilikuwa namba ya mtaa wake. Vijana walioiga mtindo huo hawakutaka kubaki bila jina. Walitaka jina lionekane kote na lisiweze kufuatiliwa hadi mlangoni kwao. Kwao, jina lenyewe ndilo lilikuwa sanaa.

Banksy aliirithi desturi hii na kuigeuza. Badala ya kulichora jina, alichora taswira zenye hoja (panya, nyani, askari, watoto) na jina likabaki saini tu. Kwa hiyo ukuta wake ulisomeka hata na mtu asiyejua lolote kuhusu mashindano ya waandishi wa grafiti. Mgogoro unaojadiliwa hapa ulianzia kwenye mabadiliko hayo. Mara ukuta uliposomeka na wote, wengi walianza kudai kuwa na haki juu yake.

Bristol na Sheria ya Waandishi wa Ukutani

Banksy aliibukia katika mji wa Bristol, kusini-magharibi mwa Uingereza, katika miaka ya 1990. Mji huo ulikuwa na grafiti yenye nguvu tangu miaka ya 1980, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Robert Del Naja, aliyejulikana kama 3D, ambaye baadaye alivuma na kundi la muziki la Massive Attack. Mwaka 1989 polisi waliendesha msako mkubwa dhidi ya waandishi wa grafiti mjini humo, uliopewa jina la Operesheni Anderson. Kizazi kilichofuata kilijifunza kwamba kasi na siri ni sehemu ya ufundi.

Katika kitabu chake Wall and Piece (2005), Banksy anasimulia kuwa wazo la kutumia kiolezo lilimjia akiwa amejificha chini ya lori kuwakwepa polisi, alipoona maandishi yaliyopigwa kwa kiolezo kwenye chuma kilichokuwa juu yake. Iwapo simulizi hiyo ni ya kweli au imetiwa chumvi, mantiki yake ni dhahiri. Kiolezo hukatwa nyumbani kwa utulivu. Ukutani kinahitaji dakika chache tu za kupuliza rangi. Umbo lenyewe la sanaa hii, lenye mistari mikali, rangi chache na kivuli kizito, lilitokana na hofu ya kukamatwa. Mbinu haikuwa ngeni. Jijini Paris, Blek le Rat alikuwa akiwachora panya wake kwa violezo tangu 1981.

Mwaka 1999, katika eneo la Stokes Croft, Banksy alichora The Mild Mild West, mchoro wa dubu mwanasesere anayewarushia bomu la petroli askari watatu wa kutuliza ghasia. Mchoro huo ulichorwa kwa mkono huru na bado unahesabiwa kuwa alama ya mtaa huo. Mwaka 2006, katika Park Street, alichora mwanamume aliye uchi akining'inia dirishani kwa mkono mmoja huku mume wa mwanamke aliyemtembelea akichungulia nje. Halmashauri ya mji, ambayo kwa kawaida ilifuta grafiti, iliwauliza wakazi maoni yao. Walio wengi mno walitaka mchoro ubaki, nao ukabaki. Katika historia ninayoifuatilia hapa, huo ni wakati adimu ambapo wasomaji wa ukuta waliulizwa.

Waandishi wa grafiti wenyewe wana kanuni zisizoandikwa, na mojawapo ni kutoifunika kazi ya mkubwa wako. Mwaka 1985, msanii aliyeitwa King Robbo alichora kazi kubwa kando ya mfereji wa Regent's Canal huko Camden, London. Mwishoni mwa 2009, Banksy aliigusa kazi hiyo kwa kumchora fundi anayebandika karatasi ya ukutani, kana kwamba grafiti ya Robbo ndiyo karatasi hiyo. Robbo alirejea ulingoni na kuigeuza picha hiyo ili fundi aonekane akiandika jina lake. Majibizano yakaendelea ukutani hadi Robbo alipopata jeraha la kichwa mwaka 2011, alifariki 2014. Anayezijua kaida za malumbano ya washairi atatambua mara moja kinachotendeka hapa. Mwenye lakabu anashitakiwa mbele ya wenye lakabu wenzake, na ushahidi ni ubeti wenyewe. Kutojulikana mbele ya serikali hakukuwa kutowajibika mbele ya wanafani.

Gereza na Jumba la Makumbusho

Sheria ya nchi ilitazama mambo kwa jicho jingine. Chini ya Sheria ya Uharibifu wa Mali ya 1971, kuchora kwenye mali ya mwingine bila idhini ni kosa ambalo, hasara ikizidi kiasi kilichowekwa, laweza kuadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka 10. Sheria ya mwaka 2003 dhidi ya mienendo inayosumbua jamii iliongeza mamlaka ya halmashauri na kupiga marufuku kuwauzia watoto wa chini ya miaka 16 rangi ya kupuliza. Nyuma ya sheria hiyo ya 2003 kulikuwa na nadharia ya dirisha lililovunjika, iliyotangazwa Marekani na James Q. Wilson na George Kelling mwaka 1982, kwamba uchafu mdogo usiposhughulikiwa hukaribisha uhalifu mkubwa.

Mnamo Aprili 2007, mamlaka ya usafiri ya London ilipaka rangi juu ya mchoro maarufu wa Banksy karibu na kituo cha Old Street. Mchoro huo ulionyesha wahusika wawili wa filamu ya Pulp Fiction wameshika ndizi badala ya bastola. Mamlaka ilijitetea kuwa waondoa grafiti wake ni wasafishaji wa kitaalamu, si wahakiki wa sanaa. Jibu hilo lilichekwa sana, lakini lina uzito kuliko lilivyodhaniwa. Msafishaji asiyebagua anamtendea Banksy kama anavyomtendea kijana yeyote wa mtaani. Mara anapoamriwa kubagua, swali linahama kutoka kosa kwenda thamani, na sheria inakuwa na nyuso mbili.

Nyuso hizo zilionekana wazi katika kiangazi cha 2008. Jumba la Tate Modern, kando ya mto Thames, liliwaalika wasanii wa mitaani kupamba ukuta wake wa nje kwa maonyesho makubwa. Katika miezi hiyohiyo, umbali wa kutembea tu kutoka hapo, mahakama ya Southwark iliwahukumu vijana wa kundi moja la grafiti kwa uharibifu wa treni na mali nyingine, na baadhi yao walifungwa. Mwaka uliofuata, maonyesho ya Banksy katika jumba la makumbusho la mji wa Bristol yalivutia watu zaidi ya 300,000. Mbele ya sheria, kitendo kilikuwa cha aina ileile. Kilichotofautiana ni bei ya saini. Hoja hii haimwondolei Banksy ustadi wake. Inaonyesha kuwa kinga ya kutojulikana haikugawanywa sawasawa. Lakabu yenye thamani sokoni ilikuwa ngao. Lakabu isiyo na soko ilikuwa kidokezo cha kumfikia mwenyewe.

Ukuta Unaouzwa

Awamu ya pili ya mgogoro ilianza pale kuta zilipoanza kukatwa. Mnamo Mei 2012, Uingereza ikijiandaa kwa jubilii ya miaka 60 ya Malkia Elizabeth II, mchoro ulitokea kwenye ukuta wa duka la bei nafuu huko Wood Green, kaskazini mwa London. Mtoto aliyepiga magoti alikuwa akishona kwa cherehani bendera ndogo za sherehe. Mahali palikuwa sehemu ya maana. Mtoto mfanyakazi alikuwa akizishona bendera hizo kwenye ukuta wa duka la aina ileile inayouza bidhaa rahisi kama hizo. Mnamo Februari 2013 kipande hicho cha ukuta kiling'olewa, na punde kikaonekana katika orodha ya mnada huko Miami. Wakazi waliandamana na halmashauri ikapinga. Mnada wa Miami ukasitishwa. Miezi michache baadaye kipande hicho kiliuzwa London. Wakazi walikuwa na sauti, ila hawakuwa na hati yoyote ya kisheria. Msanii angeweza kuzungumza kwa niaba yao, lakini kujitokeza mahakamani kama mwenye kazi kungekuwa pia kujitokeza kama aliyeharibu ukuta.

Suala hili lilifika Mahakama Kuu mwaka 2015. Mwaka uliotangulia, Banksy alikuwa amechora katika mji wa pwani wa Folkestone mwanamke mzee anayetazama jukwaa tupu lisilo na sanamu. Mpangaji wa jengo aliukata ukuta na kuupeleka Marekani kuuzwa, akidai kuwa mkataba wa upangaji ulimlazimu kulitunza jengo na kuondoa grafiti. Mwenye jengo alihamishia haki yake kwa taasisi ya sanaa ya mji huo, nayo ikafungua kesi. Jaji Arnold aliamua kwamba wajibu wa kutunza jengo haumpi mpangaji umiliki wa kipande alichokikata. Kipande hicho ni mali ya mwenye jengo. Mchoro ukarudi Folkestone.

Uamuzi huo ulisifiwa kama ushindi wa mji, na kwa matokeo yake ulikuwa hivyo. Kwa misingi yake, mambo ni tofauti. Kesi iliamuliwa kwa sheria ya ardhi na upangaji. Swali lilikuwa nani mwenye matofali, na msanii hakuwa na nafasi katika jibu. Mji ulipata mchoro wake kwa sababu tu mwenye jengo alikubali kuitoa haki yake. Kama angeamua kuuza, hukumu hiyohiyo ingemruhusu.

Gharama ya Jina

Awamu ya tatu ilimfikia Banksy mwenyewe. Taswira yake ya mwandamanaji anayerusha shada la maua, aliyoichora karibu na Bethlehem, ilikuwa imesajiliwa kama alama ya biashara katika Umoja wa Ulaya na Pest Control, ofisi inayothibitisha kazi zake. Kampuni ndogo ya kutengeneza kadi ilipinga usajili huo. Mnamo Septemba 2020, ofisi ya hakibunifu ya Umoja wa Ulaya iliufuta, ikisema usajili ulifanywa bila nia njema, kwani hapakuwa na kusudio la kweli la kuitumia alama katika biashara. Duka alilolianzisha Croydon mwaka 2019, baada ya mgogoro kuanza, lilichukuliwa kuwa jaribio la kukwepa sheria. Ofisi hiyo iligusia pia kiini cha tatizo: mtu anayejificha ana ugumu wa kuthibitisha bila shaka kwamba ndiye mwenye hakimiliki. Ni kweli kwamba uamuzi kama huo kuhusu alama nyingine, ile ya nyani mwenye bango, ulitenguliwa katika rufaa mwaka 2022. Kwa hiyo mlango haukufungwa kabisa. Hata hivyo, mvutano wenyewe ulikwisha kudhihirika.

Katika mwanga huu, tukio la tarehe 5 Oktoba 2018 katika nyumba ya mnada ya Sotheby's linapata maana nyingine. Nakala ya Girl with Balloon iliuzwa kwa pauni 1,042,000, na papo hapo mashine iliyofichwa ndani ya fremu ikaanza kuichana. Wengi walikiona kitendo hicho kama dhihaka kwa soko. Soko lilikipokea kwa furaha: kazi hiyo iliyochanika nusu, ikiwa na jina jipya la Love is in the Bin, iliuzwa mwaka 2021 kwa pauni 18,582,000. Asiyeweza kulizuia soko kwa hati alijaribu kulizuia kwa kitendo, na soko likakinunua kitendo chenyewe.

Msomaji Aliyesahauliwa

Mnamo Oktoba 2014, siku chache kabla ya uchaguzi mdogo wa bunge katika mji wa Clacton-on-Sea, ambako uhamiaji ulikuwa mada kali, Banksy alichora njiwa watano wa kijivu wakimwonyesha mbayuwayu mwenye rangi mabango ya kumfukuza. Halmashauri ilipokea lalamiko kwamba mchoro ni wa kibaguzi, ikaufuta. Baadaye tu ilifahamika ni kazi ya nani.

Ni rahisi kuicheka halmashauri kwa kutotambua kinaya. Lakini kinaya hutegemea msomaji kujua, au kukisia, nafsi inayosema. Katika diwani, jina la mtunzi, dibaji na tungo nyingine humsaidia msomaji. Ukutani, bila saini, maneno ya chuki yaliyowekwa mdomoni mwa njiwa yaweza kusomwa kama ya mwenye ukuta. Aliyelalamika aliisoma matini iliyokuwa mbele yake. Hapa kutojulikana kuliigharimu maana yenyewe. Na mara jina lilipojulikana, mjadala wa magazeti ulihamia kwenye thamani ya pesa iliyofutwa, ukaacha swali ambalo njiwa na mbayuwayu waliuliza.

Hitimisho

Historia hii ina awamu tatu. Kwanza, swali lilikuwa nani amechora, ili aadhibiwe. Pili, likawa nani mwenye ukuta, ili auuze. Tatu, likawa nani mwenye taswira, ili azuie wengine kuitumia. Katika awamu zote, lakabu ya Banksy ilikuwa sawa na mlango mmoja unaofunguka pande mbili: uliomwokoa na kizimba ndio uliomzuia kufika mahakamani kudai.

Kwa wanaoshughulikia fasihi, funzo kubwa zaidi lahusu mpokeaji. Nadharia zetu za utendaji zimesisitiza kuwa utungo simulizi hauwezi kutenganishwa na hadhira na mahali pake bila kupoteza sehemu ya uhai wake. Mtoto wa Wood Green, alipong'olewa kwenye ukuta wa duka, alibaki picha nzuri iliyokoma kusema jambo lake. Sheria ilimtambua mwenye matofali, ikamtambua mfanyabiashara, ikamtambua hata polisi anayemtafuta mkosaji. Hadi sasa haijapata neno la kumwita mkazi aliyeupita ukuta huo kila asubuhi na kuusoma. Huko Park Street aliulizwa mara moja, naye alijibu.